Siku ya Tisa

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye kemisti aliwapisha watu wawili kabla hajasema alichokuja kununua. Nilidhani ni adabu tu, kumbe alikuwa anangoja duka litulie. Na Keroka, pale kando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, duka halitulii. Alipoona nami sina dalili ya kuondoka, aliinamia kaunta akasema kwa sauti ya mtu anayeomba kuongezewa siku za deni, "Daktari, nipe ile dawa ya mba. Ile ya siku ile."

Kijana yule hakuwa daktari, lakini huku kwetu aliyevaa koti jeupe ni daktari mpaka alivue. "Mama, ni mba au ni wale wadudu?"

Mama alinitupia jicho, akacheka kicheko cha kushindwa. "Ni wale. Wamerudi. Hii ni mara ya tatu muhula huu."

Mlangoni alisimama msichana wa miaka minane hivi, sare ya shule mwilini, kofia ya marvin imevutwa hadi kwenye nyusi, na kila mara kidole kinapenya chini ya kofia. "Baba, twende," alisema, wala hakuwa anamwita baba yake. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama.

Kijana aliuliza maswali yake taratibu, kama mtu anayetafuta tobo kwenye ndoo. Ulimpaka nani? Huyu hapa mlangoni. Lini? Ijumaa usiku. Ikawaje? Jumamosi asubuhi walikuwa wamekufa, wametapakaa kwenye taulo kama simsim. Na watoto wengine? Wako wanne, lakini hao hawajikuni. Dawa iliyobaki je? Hakuna iliyobaki, aliimwaga yote kwenye kichwa kimoja ili iwe na nguvu.

Ukiyaweka majibu hayo pamoja, una karibu kila sababu inayowafanya chawa warudi kwenye kichwa cha mtoto wa shule. Hakuna hata moja inayohusu uchafu.

Chawa wa kichwa ni mdudu goigoi kwa kila jambo isipokuwa kushikilia. Hana mabawa. Haruki kama kiroboto. Urefu wake ni milimita 2 au 3, na kila mmoja wa miguu yake sita unaishia kwenye ukucha uliopinda kama ndoano, kipimo chake sawasawa na unywele wa binadamu. Hunywa damu mara kadhaa kwa siku. Mng'oe kichwani umweke juu ya meza, na kabla siku mbili hazijaisha atakuwa amekufa kwa njaa. Ndiyo maana hasafiri mbali. Hutambaa kutoka unywele mmoja kwenda mwingine vichwa viwili vinapokutana, na watoto hukutanisha vichwa kutwa: juu ya kitabu kimoja cha kusoma wakiwa watatu, juu ya simu ya mjomba, kwenye mchezo, kwenye usingizi.

Jike akikomaa huishi kama mwezi mmoja, na kwa siku anaweza kutaga hadi mayai manane. Kila yai hulibandika kwenye shina la unywele, karibu kabisa na ngozi penye joto, kwa gundi ambayo sabuni na maji haviiwezi. Hapo ndipo mama yule alipopigwa chenga. Dawa nyingi za chawa huua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Lakini kiumbe kilichomo ndani ya yai la jana hakijawa hata na mishipa ya kuvurugwa. Dawa inapita juu yake, inasuuzwa, inakwenda na maji ya karai. Yeye yumo ndani, anangoja.

Twende na kalenda. Ijumaa usiku wakubwa wote wanakufa. Mayai yaliyotagwa Ijumaa hiyo yataangua baada ya siku saba hadi tisa au kumi. Yale ya wiki iliyopita yanaanza kuangua kesho yake. Anayetoka huwa mdogo kiasi cha kupotea machoni. Atajivua ngozi mara tatu, na baada ya siku tisa hadi kumi na mbili naye ni mkubwa, tayari kutaga. Kwa hiyo kuna mwanya: mayai karibu yote yameshaangua, na walioangua mapema bado hawajapata nguvu ya kutaga. Mwanya huo ni mwembamba, nao unaangukia siku ya tisa. Ndiyo maana maelekezo ya permethrini, dawa ya chawa inayotumika sana, yanataka kichwa kikaguliwe na kupakwa tena siku hiyo. Ukipaka siku ya tatu kwa wasiwasi, umewakuta wengi wakiwa bado ndani ya ganda. Ukikumbuka baada ya wiki tatu, umekuta ukoo mpya.

Mama yule hakuwahi kupaka mara ya pili. Alinunua dawa mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa ni mara ya kwanza.

Sasa wale wanne wasiojikuna. Muwasho hautokani na kuumwa kwenyewe. Ni mwili kuyakataa mate ya chawa, na mwili huchukua muda kujifunza kukataa. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kujikuna. Katika wiki hizo anacheza, anasoma, anapiga mswaki, na kichwani amebeba kizazi cha pili. Nyumbani vitanda ni viwili, watoto ni watano. Baridi ya huku kwetu Masaba si hadithi. Usiku wa Julai blanketi linavutwa na vichwa vinafuata. Ukimtibu mmoja ukamrudisha katikati ya ndugu zake, umemtibu kwa usiku mmoja.

Kukagua si kazi kubwa. Mtoe mtoto nje penye jua, gawanya nywele kwa mpini wa chanuo, anza nyuma ya masikio na kisogoni. Chawa hai hukimbia mwanga, kwa hiyo usikate tamaa usipomwona mara moja. Mayai hayakimbii. Yaliyo karibu na ngozi, rangi ya kahawia, ni ya kutiliwa shaka. Yaliyo meupe na yamesogea mbali na ngozi ni maganda matupu, kwa kuwa unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi na ganda huondoka nao. Nimeona watoto wakipakwa dawa mara tano kwa sababu ya maganda ya mwezi uliopita. Anayestahili dawa ni yule uliyemkuta na chawa anayetembea, na yeyote anayelala naye kitanda kimoja.

Kuna watakaosema: huku kwetu jambo hili tulilimaliza zamani kwa wembe. Ni kweli kwa sehemu. Chawa bila unywele ni kama mtu aliyenyang'anywa ngazi akiwa darini. Kipara humaliza wakubwa, wadogo na mayai kwa dakika kumi, bila kalenda, na katika shule nyingi za msingi za umma nchini Kenya nywele fupi ni sharti kwa wavulana na wasichana. Kwa nywele zetu zilizojikunja, zile chanuo za meno ya karibu-karibu zinazosifiwa ng'ambo hukwama sentimita ya kwanza na mtoto anapiga kelele kijiji kizima kisikie. Kinyozi ana haki yake hapa.

Lakini tusijidanganye kwamba nywele zetu hazishiki chawa. Dhana hiyo ina asili: Marekani, watoto weusi hupata chawa kwa nadra sana kuliko wenzao, na inadhaniwa ni kwa sababu kucha za chawa wa huko zimezoea unywele wa duara, si uliobapa kama wetu. Huko ni huko. Chawa wa Gusii hajawahi kulalamikia umbo la unywele.

Na wembe una hesabu zake nyingine. Ya kwanza ni msichana. Mtoto wa gredi ya saba anayesubiri likizo ya Agosti asuke, akae katikati ya mapaja ya binamu yake jioni nzima huku umbea unapigwa, humnyoi nywele tu. Kuna walimu waliokuwa wakipitisha mkasi katikati ya kichwa cha mwanafunzi, njia moja tu, ili akamalizie mwenyewe nyumbani. Waliofanyiwa hivyo wakiwa na miaka kumi bado wanakusimulia wakiwa na arobaini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake alikuwa amevunjiwa haki. Kesi ile ilihusu dini, haikuhusu chawa. Hata hivyo ilitukumbusha kwamba kichwa cha mtoto kina mwenyewe.

Ya pili ni mashilingi. Mashine ya kinyozi ikipita kichwa hadi kichwa Jumapili jioni, watoto kumi na watano wakiwa kwenye benchi, inabeba ukungu unaochora yale mabaka ya mviringo yenye magamba, ukubwa wa sarafu, ndiyo maana tukayaita hivyo. Watanzania wanayaita mapunye. Hayo hayaponi kwa kunyoa, wala kwa krimu, kwa sababu ukungu umo ndani ya unywele na mzizi wake. Yanataka vidonge, griseofulvini kwa mfano, kwa wiki sita hadi nane, kwa agizo la kliniki. Ninayataja kwa sababu nimeona mabaka yakipakwa dawa ya chawa, na chawa wakipakwa krimu ya mabaka. Kinyozi apanguse mashine kwa spiriti kila baada ya kichwa. Mwambie bila aibu, unamlipa.

Aibu ndiyo iliyomfanya mama yule aseme mba. Tunasema ana chawa kama tunavyosema haogi. Chawa wa kichwa hajali umeoga au hujaoga. Kichwa kisafi ni chakula kilekile. Chanzo cha kuchanganya, nadhani, ni ndugu yake, chawa wa nguo, ambaye kweli hustawi pale watu wanapokosa maji na nguo ya kubadilisha: kambini, gerezani, vitani. Huyo hukaa kwenye mishono ya nguo, na ndiye anayebeba magonjwa ya kuua. Mwaka 1909, mjini Tunis, daktari Mfaransa Charles Nicolle aligundua kwamba homa ya tifasi ya mlipuko iliyokuwa ikimaliza watu inaletwa na chawa wa nguo. Aliona wagonjwa wakiacha kuambukiza mara walipooshwa na kuvuliwa nguo zao mlangoni mwa hospitali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Chawa wa kichwa hana sifa hiyo. Anasumbua, ananyima usingizi, mikwaruzo ya kucha inaweza kuota usaha, basi.

Kwa hiyo kumtoa mtoto darasani saa nne asubuhi, mbele ya wenzake, kwa kuwa ameonekana na chawa, hakumkingi mtu. Amekuwa nao mwezi mzima. Wenzake wa dawati moja huenda wanao tayari. Mwalimu mwenye busara humaliza siku, jioni anaita wazazi wa darasa zima kwa ujumbe mmoja usio na jina la mtoto yeyote: kagueni vichwa Ijumaa hii, anayepaka apake siku hiyohiyo, turudie pamoja siku ya tisa. Hapo Keroka ujumbe huo una kazi ya ziada, maana mji wenyewe umekaa juu ya mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na serikali zake zimeshindania hata ushuru wa soko. Mtoto hulala upande mmoja akasomea upande wa pili. Mhudumu wa afya anayezungukia nyumba za huku hafiki darasa la kule. Anayevuka kila asubuhi ni mtoto na kofia yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, na tumeisema sana kwenye harambee hata tumesahau kwamba ni maelekezo ya kazi. Waliotunga methali hiyo walikuwa wamekaa juani na kichwa cha mtoto magotini. Chawa ni bapa na ana ngozi ngumu. Ukimbonyeza kwa kidole kimoja anateleza. Anataka kucha mbili za gumba, moja juu ya nyingine, na ule mlio mdogo.

Baadaye walipata msaada wa ua. Msomaji aliyekulia nyanda za juu za Gusii kabla ya miaka ya 2000 hahitaji nimweleze pareto: ua jeupe lenye moyo wa njano, likachumwa kwa mkono, likaanikwa, likatiwa kwenye magunia, likapelekwa kiwandani Nakuru. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, huko Kroatia ya leo. Kenya ilianza kulilima mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia muuzaji mkubwa alikuwa Japani. Vita vilipoizuia Japani, majeshi ya Washirika yaligeukia Kenya, kwa sababu askari walihitaji unga wa kuua chawa ndani ya sare. Majira ya baridi ya 1943 tifasi ilipolipuka Naples, unga wa kwanza kunyunyiziwa watu ulikuwa na sumu ya pareto ndani yake. DDT ilifuata na kuchukua sifa zote.

Baada ya vita wakulima wadogo wa Gusii nao waliingia, na kwa miongo kadhaa Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia nzima. Pareto ilisomesha watu huku. Ada, karatasi za bati, mahari, zote zilipita kwenye ua lile. Na watoto waliolichuma, vidole vikiwa na harufu yake, walikuwa na chawa kama watoto wa popote. Ua lilikwenda Nakuru, likawa rojo, likapanda meli, likarudi likiwa chupa yenye lebo ya kizungu, bei ambayo mchumaji aliiogopa. Sijui kama kuna kejeli kubwa kuliko hiyo katika historia ya vichwa vyetu. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, watu wakang'oa pareto wakapanda chai na ndizi, na Tasmania, kisiwa cha Australia, ikachukua nafasi.

Wakati huo wanakemia walikuwa wameshaiga umbile la sumu ile. Pareto ya asili huharibika upesi juani; mwaka 1973, katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitengeneza permethrini, mjukuu wa maabara asiyeogopa jua. Ndiyo iliyomo kwenye dawa ya kichwani, kwa kiasi cha asilimia 1. Dawa za ukoo huohuo ndizo zilizopakwa kwenye neti za mbu tunazogawiwa kliniki. Na kwa kuwa wadudu wamepigwa kwa ukoo mmoja kwa miaka mingi, wamejifunza; sehemu nyingi za dunia wapo chawa ambao permethrini haiwaui tena. Ukimpaka mtoto sawasawa na kesho yake ukakuta wakubwa bado wanatembea kwa kasi ileile, usiongeze kipimo. Badilisha dawa. Zipo za dimetikoni, ambazo haziui kwa sumu bali humfunika chawa kwa utando. Na ipo ivermektini ya kumeza, ambayo hutolewa kwa uzito wa mtoto na si ya kukisia. Au mwite kinyozi.

Neno moja kuhusu agroveti, na hili nalisema kwa ukali. Dawa ya kupe ya ng'ombe si dawa ya mtoto, hata iwe tone moja kwenye ndoo. Amitrazi humlaza mtoto usingizi usio wa kawaida na kupunguza mapigo ya moyo. Zile za jamii ya ogano-fosfeti hupenya ngozini na kuzuia pumzi. Mafuta ya taa nayo huunguza kichwa, na jikoni kuna moto. Mtu hufika huko kwa sababu chupa ya kemisti ilimshinda mara tatu, wala simlaumu kwa kukata tamaa. Namwomba tu arudi kwenye kalenda kwanza.

Kufua pia kuna mipaka. Foronya, shuka, marvin na kitambaa cha kichwa vilivyotumika siku mbili zilizopita, vitie kwenye maji ya moto sana, uvianike juani. Usichoweza kufua, kifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Makochi, pazia na mbwa waache.

Kijana wa kemisti alimweleza mama karibu haya yote kwa maneno machache kuliko yangu, akatoa chupa mbili. Mama akazigeuza, akahesabu kwa macho: vichwa vitano, vipakwe mara mbili. Hazitoshi. Akauliza bei, akarudisha moja.

"Wavulana watatu nitawapeleka kwa kinyozi leo," alisema. "Huyu mdogo naye anyolewe, hatajali. Dawa ni ya mkubwa. Yule amesuka juzi, ukimgusa kichwa atakwenda kulala kwa magokoro, kwa nyanya yake." Alifikiri kidogo. "Lakini nitamfumua."

Kijana alichukua kalamu akaandika tarehe mbili kwenye boksi, ya leo na ya siku ya tisa, akaipigia mstari ile ya pili. Mama aliisoma, akahesabu kwa vidole.

"Hiyo ni Jumamosi. Jumamosi tuna matanga."

"Basi mpake kabla hamjaondoka, Mama. Dakika kumi, usuuze."

Msichana mlangoni alikuwa amevua kofia, anamvalisha mtoto mwingine aliyepita.

"Wewe!" mama alipaza sauti. "Rudisha hiyo marvin kichwani kwako!"

Kisha akasita, akamtazama yule mtoto mwingine, akaichukua kofia mwenyewe na kuitia mfukoni mwa koti lake.

"Daktari," alisema, "niongezee ile nyingine."